Hakutaja Jina

Hakutaja jina langu. Ndivyo wanavyonijibu wote hadi leo nikianza kufoka: "Lakini Karimi, hakutaja jina."

Ni kweli, hakutaja. Madam Veronicah, kaunsela wangu, alisimama mbele ya akina mama wa maombi ya Alhamisi kanisani kwetu Kiirua, akafunga macho, akawaomba wamwombee binti mmoja. Binti huyo ni mwalimu wa hisabati. Anafundisha gredi ya sita. Desemba anaolewa Mbeere na daktari wa mifugo. Marehemu babake alikuwa mzee wa kanisa, lakini nyumbani alikuwa akimpiga mamake, na sasa binti anaogopa ndoa, anaogopa hata mkono wa mchumba wake ukiinuka. Bwana amponye, amina.

Jina hakutaja. Nami nauliza: Kiirua nzima kuna walimu wangapi wa hisabati wanaoolewa na madaktari wa mifugo wa Mbeere?

Na mama yangu alikuwa ameketi safu ya pili.

Alirudi nyumbani jioni hiyo bila kunisalimia. Akavuta kigoda, akaanza kumenya viazi. Mama yangu, Celina, humenya viazi akivibana na kiganja cha kushoto dhidi ya goti, kwa sababu mkono huo haukunjiki vizuri tangu nikiwa darasa la tatu. Kanisa lote linajua alipigwa teke na ng'ombe. Mwaka ule hatukuwa na ng'ombe.

"Mama, kuna nini?"

"Baba yako amelala miaka minne," alisema bila kuinua macho. "Kwa nini hukumwacha alale?"

Nikajua. Sijui nilijuaje. Nikaketi juu ya gunia la viazi.

"Nilimwambia mtu mmoja, Mama. Mmoja! Ofisini kwake, mlango umefungwa."

"Sasa tuko thelathini na wanne. Nimetuhesabu." Kisu chake kilikuwa kinakata maganda manene, yeye asiyependa hasara hata kidogo. "Walipotoka walinishika mkono mmoja mmoja, wakinipa pole. Huu mkono, Karimi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuushika."

Nilitaka kumkumbatia, akanisukuma kwa kiwiko. Hakuzungumza nami tena usiku huo. Na kama hiyo haikutosha, Madam Veronicah alikuwa ametuma ombi lilelile kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa maombi wa kutoka Nkubu mpaka Siakago, na mikono mitatu ya kuomba chini yake. Mmoja wa waliolisoma alikuwa Tata Teresia wa Gachoka kule Mbeere, shangazi aliyemlea mchumba wangu Muchangi tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni.

*

Muchangi alifika Ijumaa saa kumi. Nilimwona kutoka dirishani akisukuma lango letu, bado amevaa buti za kazi zenye vumbi jekundu la kwao. Kumbe hakupita hata nyumbani kubadilisha. Haki, hata nikiwa na hasira ya kuweza kuvunja ukuta, moyo wangu ulidunda. Ule mwendo wake wa kutoharakisha ninaupenda sana. Anaweza kusimama karibu na ng'ombe mkali mpaka ng'ombe mwenyewe achoke kuwa mkali.

Niliapa hatanisimamia mimi hivyo.

"Karimi."

"Umekuja kuvunja uchumba? Sema haraka, nina madaftari ya kusahihisha."

"Nimeingia tu. Hata maji hujanipa."

"Maji yako kwa mtungi. Tata Teresia ameona WhatsApp?"

Aliivua kofia yake, akaitundika kwenye msumari ulio juu ya kabati kama anavyofanya kila akija. Akaketi. "Ameona. Alinipigia alfajiri. Akaniuliza kama najua ninaoa nini."

"Unaoa *nini*? Mimi ni nini, mbuzi?"

"Ni yeye aliyesema, si mimi."

"Na wewe ulimjibu nini?"

Muchangi hajui kusema uongo, ndiyo shida yake. "Nilimwambia nakuja kukuuliza."

"Kuniuliza!" Nilisikia sauti yangu ikipanda na sikuishusha. "Kila mtu anakuja kuniuliza mimi. Mama ananiuliza, shangazi yako anauliza, mke wa pasta amenisimamisha sokoni kuniuliza. Hakuna hata mmoja, Muchangi, hata mmoja, aliyeenda kumuuliza Veronicah! Aliyekosa ni mimi? Na baba je? Yeye haulizwi kitu kwa sababu alikuwa akibeba kapu la sadaka?"

"Mimi sijasema umekosa." Akaniangalia, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia njiani. "Nina swali moja. Ni kweli unaniogopa?"

Sikutaka kumwonea huruma. Nilikazana kusahihisha daftari ambalo hata sikuwa nimelifungua.

"Ile siku ya sufuria," aliendelea polepole. "Mwezi wa tatu. Niliinua mkono kuchukua sufuria juu ya hili kabati, nikigeuka umechuchumaa pale mlangoni umejishika kichwa. Ukaniambia umeangusha hereni. Nikapiga magoti tukaitafuta. Nusu saa nzima, Karimi, na tochi ya simu."

"Najua."

"Ilipatikana wapi?"

"Sikuwa nimevaa hereni siku hiyo."

Akajishika uso kwa mikono yote miwili. Nje, kuku wa Mama walikuwa wanaparuza majani makavu, na mimi nilisimama pale nikitamani kumgusa shingo, na nikimkasirikia kwa sababu nilitamani.

"Ungeniambia tu," alisema kutoka nyuma ya viganja.

"Nilikuwa najifunza kukuambia! Unadhani nilikuwa naenda kule mjini kila Jumamosi kufanya nini? Kunywa chai? Nilikuwa natafuta namna ya kulisema bila kutetemeka. Lilikuwa langu. Ningekuambia mimi, kwa mdomo wangu, siku ningeweza, pengine tukiwa wawili pale chini ya bomba tunaosha vyombo. Sasa umesomewa na shangazi yako kwenye simu. Veronicah ameniibia, Muchangi. Siku yangu ya kukuambia haitarudi."

"Amekosea," alisema. "Lakini nia yake haikuwa mbaya. Alikuwa tu anaomba."

Ngai wangu. Kama hangesema hilo pengine ningemsamehe hapohapo.

"Nia? Nani aliniletea huyo mama mwenye nia?"

Akaziinamia buti zake.

"Nimeuliza, nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nilikuwa na namba ya mtu mwingine. Tulipewa kwenye semina ya walimu. Ukasema nini?"

"Nilisema..." Alikohoa. "Nilisema utamwambiaje mtu usiyemjua mambo ya nyumbani. Nikasema Veronicah ni mtu wetu."

"Mtu wetu! Alimjua baba. Alikula kwa mazishi yake. Mara ya pili tu kukaa naye aliniambia nimheshimu baba, eti kazi ya kanisa ilikuwa inamchosha. Inamchosha! Nilirudi hapa kichwa kinapasuka, nikakuambia huyu mama simwezi, hanisikii, ananifunga. Ukasema nivumilie, dawa ni chungu. Nikavumilia kwa sababu nakupenda na nilitaka nifike Desemba nikiwa mzima. Sasa niambie, nani mgonjwa hapa? Ni mimi niliyesema ukweli, au ni nyinyi mnaotaka mtu aseme siri zake kwa anayejua ukoo wake wote ndiyo muite usaidizi?"

Alifungua mdomo, na simu yake ikalia. Aliitazama, kisha akanionyesha. Madam Veronicah.

"Weka spika," nilisema. "Nimsikie akiomba msamaha."

Akaiweka mezani katikati ya madaftari yangu.

"Muchangi mwanangu, Bwana asifiwe."

"Asifiwe, Madam."

"Nasikia kuna watu wamekasirika. Usijali. Shetani hapendi maombi. Na mimi jina sikutaja, wewe ni shahidi."

Muchangi alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri mlango ufunguke. Nilimsubiria Veronicah aseme pole. Neno fupi tu. Nilikuwa tayari hata kulikubali.

"Sasa sikiliza," aliendelea, akishusha sauti. "Uko peke yako? Kuna mengine aliniambia ambayo yanakuhusu wewe kabisa. Hayo sikuyapeleka kwa maombi, mimi najua mipaka. Lakini mwanaume kabla hajaoa ni vizuri ajue. Kesho pitia ofisini. Nina faili yake hapa, nitakusomea."

Nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni. Nilijua kilicho ndani ya faili hiyo. Nilikuwa nimemwambia kwamba siku moja nilimsikia Muchangi akimfokea dume zizini kule Gachoka, nikaenda nyuma ya choo nikatapika, na njia nzima ya kurudi Kiirua nikapanga jinsi ya kumwacha. Nilikuwa nimemwambia pia kwamba nilishindwa kumwacha kwa sababu nampenda mpaka naona haya, na kwamba mama yangu naye alimpenda baba hivyohivyo, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko mkono wowote. Mambo kama hayo humwambii mtu kuhusu mtu unayelala ukimwota.

Nikamtazama Muchangi usoni. Sitadanganya: alitamani kujua. Niliona. Alijisogeza karibu na simu. Mwanaume gani hangetamani? Neno moja tu, "nitakuja", na angejua kila kitu.

"Hapana, Madam," alisema.

"Hapana nini?"

"Usinisomee. Kuna kitu changu ndani ya hiyo faili?"

"Si nimekuambia kinakuhusu..."

"Ni chake. Funga hiyo faili. Kesho Karimi anakuja kuichukua, na mimi nitasimama nje ya mlango mpaka atoke nayo."

"Muchangi! Mimi ni kama mama yako. Kama ningekuwa mtu wa nje..."

"Ungekuwa mtu wa nje ingekuwa afadhali," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilitetemeka kwa hasira. "Karimi yuko hapa. Amekusikia."

Simu ikakatika.

Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa nalia kwa ghadhabu, na nilitaka ajue hivyo.

"Kumbe ni rahisi hivyo," alisema akiitazama simu. "Anatoa tu, kama mtu anayekugawia ndizi."

"Na kwa nini nilipokuambia mimi haikutosha? Mbona ilibidi usikie kwa sikio lako?"

"Sijui." Akainama. "Nilidhani mtu akikujua ndiyo atakutunza. Nimekosa, Karimi. Sina neno lingine."

"Hilo linatosha. Wewe ndiye wa kwanza kulisema tangu jana."

Akachukua simu, akampigia shangazi yake mbele yangu. "Tata, nimefika. Nimemuuliza... Ndiyo... La, Tata, alichoniambia ni chetu wawili. Na tafadhali ule ujumbe ufute." Alisikiliza, akafumba macho. "Basi kama unaogopa kuja Desemba, usije. Mimi nitakuwa huko." Tangu aanze kutembea hajawahi kumjibu Tata Teresia hivyo, na nilijua imemgharimu.

"Ukitaka tusongeze harusi, tunasongeza," aliniambia alipoiweka simu. "Mwaka ujao, au ule mwingine. Nitangoja."

"Nani amesema tusongeze?" nilifoka. "Mbona unapanga peke yako?"

Akacheka kidogo, nami nikacheka na kamasi zangu. Kisha akasimama kuondoka. Kofia yake ilikuwa bado kwenye ule msumari juu ya kabati, na mimi nilikuwa nimesimama kati yake na kabati. Alisimama hapohapo, mikono chini.

"Nainua mkono," alisema polepole. "Wa kulia. Nataka kofia yangu."

"Chukua."

Mkono ukapanda, ukapita karibu na sikio langu, ukashuka na kofia. Sikuchuchumaa. Magoti yalitaka, nikayakataza. Tulibaki tumetazamana karibu sana, ananukia dawa ya kupe na jua la Gachoka, na alinigusa shavu kwa kidole kimoja tu, akaenda zake.

*

Faili nilichukua. Nilipoitaka, Veronicah alinitazama kama mtoto mkorofi, akaniambia ananisamehe. *Ananisamehe!* Nimeshaandika barua kwa wanaosimamia makaunsela na bado nangoja jibu. Nitaandika nyingine.

Nilikuwa nimeapa sitazungumza na kaunsela mwingine maishani mwangu. Aliyenibadilisha ni Mwalimu Misheck, naibu wa mwalimu mkuu, mtu mkimya wa karibu kustaafu. Kila Jumamosi kwa mwaka mzima tulimwona akitoka Majengo, mtaa wa Waislamu wa Meru mjini, na nyama imefungwa kwenye karatasi, tukamtania shuleni kwamba ng'ombe wa Kiirua hawamtoshi.

Aliniita kando ya bohari ya vitabu. "Madam Karimi, mimi nyama sipendi hata kidogo," alisema. "Juu ya bucha la kona kuna ngazi. Panda. Anaitwa Bi. Rukia. Hamjui mtu yeyote tunayemjua. Ukishuka nunua nusu kilo, hakuna atakayekuuliza umetoka wapi."

Nilimkodolea macho. Mwalimu Misheck! Kumbe mtu hubeba mzigo mwaka mzima na sisi tunamcheka.

Muchangi alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, akabaki chini na wauza nyama. Bi. Rukia ni mwanamke mnene wa makamo, amejitanda mtandio wa kijani, na chumba chake kina viti viwili na kabati la chuma lenye kufuli.

"Kabla hujaniambia chochote," alisema, "nikuambie utaratibu wangu. Ninachoandika kinafungwa mle, ufunguo ninao mimi. Kuna jambo moja tu litakalonifanya niseme nje, maisha ya mtu yakiwa hatarini, na hata hapo nitakuambia wewe kwanza. Na nikikutana nawe sokoni, sitakusalimia. Nitapita kama sikujui, mpaka unisalimie wewe. Usikasirike."

Kwetu Meru ukimpita mtu bila kumsalimia umemtukana yeye na waliomzaa. Nilikaa pale nikasikia mwanamke nisiyemjua akiniahidi kunitukana hivyo maisha yake yote, na machozi yakanitoka nikashindwa kuyazuia.

Hakuniambia ninyamaze wala nisamehe. Alisogeza tu kitambaa mezani. Baadaye sana aliuliza, "Ulipokuwa mdogo, kelele zikianza, wewe ulikuwa unajificha wapi?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi nilikuwa wapi. Veronicah katika Jumamosi sita aliniuliza tu baba alikuwa amechokozwa na nini.

Niliposhuka, Muchangi alikuwa ameshanunua kilo nzima na ulimi wa ng'ombe juu yake. Nilimwona akimeza swali. Lilifika mpaka midomoni.

"Twende tukale mandazi?" aliuliza.

"Twende."

Nilishika mkono wake mbele ya mtaa wote.

Nyumbani Mama alikuwa jikoni. Tangu ile Alhamisi tulikuwa tunazungumza habari za chumvi na kuni tu, na kwenye maombi hakuwa amerudi. Niliweka nyama mezani. Akaifungua, akainusa.

"Hii si ya Kiirua."

"Ni ya Majengo."

Akachukua kisu, akaanza kukata, ule mkono wa kushoto ukibana nyama kwa shida. Nilimwacha. Nilijua Mama akitaka kusema neno huanza kwa kulizunguka.

"Huko Majengo," alisema hatimaye, "kuna mtu wa kanisa letu?"

"Hakuna hata mmoja, Mama."

"Na huyo... anayeuza. Anajua wewe ni mtoto wa nani?"

"Hajui. Hajauliza."

Kisu kikasimama. Mama alitazama mkono wake muda mrefu, ukilala pale juu ya mbao na damu ya nyama kwenye vidole. Kisha akaufuta kwa leso, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nyama hii mmechaguliwa vibaya," alisema. "Ina mafuta mengi. Jumamosi ijayo nitakuja na wewe, nichague mwenyewe."